Redio Iliyofukizwa Udi

Vijana wangu wa Kona ya Musa, nyinyi mnaokaa nyuma ya vioo mkifungua simu za watu kwa bisibisi nyembamba kama sindano, assalamu alaikum. Mwalimu wenu wa chuo alinijia akanitaka nije nizungumze nanyi juu ya kazi yetu ilivyokuwa zamani. Nilimkubalia, na siku ilipofika nikasingizia mgongo. Mgongo ni mzima. Ni haya tu. Nimekuwa nazo tangu utotoni, na uzee haukuziondoa, umezipa sababu mpya za kujifichia. Kwa hivyo nawaandikia.

Kuandika nimekuzoea. Nilitolewa shule ya sekondari nilipofika Fomu ya Pili, baba alipolala kitandani asiinuke, nami nikarudi Msambweni na vitu viwili: Kiingereza cha kutosha kusoma karatasi zinazokuja ndani ya maboksi, na tabia ya kuandika kila siku katika daftari yale nisiyoweza kumwambia mtu. Madaftari yale ninayo. Mchwa wamekula pembe, lakini maneno yamesalimika. Nayatazama ninapoandika haya ili nisijipambe.

Kazi nilifunzwa na Fundi Bakari, mtu wa Majoreni aliyejifunza redio jeshini wakati wa vita. Alikuwa na kibanda karibu na soko, mlango mmoja, dirisha moja, na meza iliyoungua kila mahali kwa risasi ya kuunganishia waya. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi maneno sina, basi tulikaa miaka miwili tukisikilizana vizuri sana kwa kutosemezana. Akitaka koleo, alinyosha mkono. Nikikosea, alivuta pumzi kwa pua. Mpaka leo nikifanya kosa naisikia ile pua.

Redio za wakati ule zilikuwa na valvu, zile chupa za kioo zenye waya ndani zinazowaka rangi ya chungwa. Ziliendeshwa kwa jiwe kubwa, maana betri kavu sisi tuliziita mawe, na jiwe lile lilikuwa zito kama tofali. Kabla ya kupima chochote, Fundi Bakari alizima taa, akainama, akachungulia. Valvu inayowaka i hai. Isiyowaka imekufa. Inayowaka na kupepesa macho inaumwa, na hiyo aliigonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayepiga hodi. Mara nyingi iliitika.

Adui wetu alikuwa hewa ya bahari. Nyinyi mnaijua, inakula hata bati la paa. Iliingia ndani ya redio ikaacha kutu ya kijani kwenye kila kiungo, na baada ya masika redio zilikuja kwetu zikikoroma kama wazee. Adui wa pili alikuwa mjusi. Valvu zina joto, na mjusi anapenda joto la kutagia. Siku moja nilifungua redio ya mwalimu wa madrasa nikakuta mayai manne yamepangwa vizuri nyuma ya spika. Fundi Bakari akayatazama, akasema, "Huyu amepanga nyumba. Mwambie mwalimu amdai kodi." Ni mzaha mmoja kati ya miwili niliyomsikia.

Wa pili ulitokana na mzee aliyekuja na redio kichwani kutoka bara ya Msambweni, amekasirika. "Fundi, wiki nzima hii yasema Kihindi. Nyumbani kwangu hakuna aliyeifunza." Fundi Bakari aligeuza kitufe cha stesheni, nusu ya upana wa ukucha, Kiswahili kikarudi. Yule mzee akauliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa amesahau, au alikuwa amenuna?" "Alinuna," akasema Fundi Bakari. "Usimpigie kelele."

Sasa dawa yetu ya unyevu na mijusi ilikuwa moja, na hapa sikilizeni, maana kisa changu chote kimo ndani yake. Mnajua kwamba kwetu Alhamisi jioni nyumba hufukizwa udi kwa ajili ya usiku wa Ijumaa. Chetezo hutiwa makaa, udi huwekwa juu, na nguo hutandazwa kwenye kile kiti cha vijiti ili moshi uziingie. Fundi Bakari aliwaambia wateja: redio yako nayo iweke pale, juu ya kiti cha nguo, kwa muda wa kusoma Yasini moja. Joto litakausha unyevu, moshi utafukuza mijusi na mende. Na kweli ilifaa. Valvu haiogopi joto, yenyewe ni moto. Redio za Msambweni zilinukia kama maharusi, na nyingi zilidumu kuliko za Mombasa. Tulijivuna kwa jambo hilo.

Halafu macho ya Fundi Bakari yakaanza kufa. Alikuwa akishika waya mwekundu akiuliza, "Huu ni upi?" Siku ya mwisho alinikabidhi ufunguo na mita yake ya kupimia, akasema anakwenda Majoreni kukaa na dada yake. Muda mfupi kabla ya hapo mtu alikuwa amepita na redio ya aina mpya, ndogo, ya kubeba mkononi, haina valvu hata moja. Fundi Bakari aliipapasa, akaisikiliza ikiimba, akauliza kinachowaka ndani ni nini. Nikamwambia hakiwaki kitu, ni vidude vidogo kama punje za kunde vinaitwa transista.

"Kitu kisichowaka," akasema, "utajuaje kama ki hai?"

Akaenda zake.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, fundi wa redio peke yangu. Katika daftari la siku zile nimeandika: "Leo nimesema maneno sita. Matatu yalikuwa ya bei." Msidhani napiga chuku. Upweke wa kazi ile hamwezi kuujua nyinyi, maana mkikwama mnamwuliza aliyekaa meza ya pili, au mnaangalia video ya mtu wa ng'ambo anayefungua simu ile ile. Mimi nikikwama nilikuwa nakwama na ukuta. Na kitu kipya kilikuwa kinaingia nchini, kidogo kama kunde, kitakachofanya kila nilichofunzwa kiwe hadithi. Mafundi wa Mombasa, kwa nilivyosikia, walisema ni balaa, transista zitatunyang'anya riziki. Mimi niliona upande wa pili pia: redio inayokula mawe madogo ya tochi, isiyotaka waya mrefu juu ya mnazi, mtu anaipeleka shambani. Watu ambao hawakuwahi kumiliki redio wataimiliki. Lakini nani atanifunza kuitengeneza? Hilo sikulijua, na nililionea haya kulisema.

Ndipo akaja Bi Mwanatumu.

Bi Mwanatumu alikuwa mjane, nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya mikorosho. Mwanawe wa kwanza, Hamisi, alikuwa baharia katika meli za mizigo, na alikuwa hajarudi miaka minne. Baharia mwenzake wa Vanga alikuja likizo akamletea Bi Mwanatumu redio ya Kijapani aliyoinunua Hamisi Adeni, rangi ya maziwa, ina mfuko wa ngozi. Na pamoja na redio, ujumbe wa mdomo. Bi Mwanatumu alikuwa amemwuliza mwanawe kwa barua jambo moja: je, atarudi kukaa, au shamba la baba yake wapewe nduguze? Hamisi hakuwa hodari wa kuandika. Alituma kadi kwa kile kipindi cha salamu cha Ijumaa, baada ya alasiri, na huko ndiko atakakomjibu. Hajui itasomwa Ijumaa gani. Mama asikilize kila wiki.

Alikuja dukani na redio imefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Nassoro mwanangu. Nimekuja kukuuliza neno moja tu. Hii nayo inafukizwa?"

Vijana wangu, ndani ya mfuko wa ngozi palikuwa na karatasi ya Kiingereza. Niliiona pembe yake. Ningeweza kusema, nipe dakika nisome. Ningeweza kusema, mama, sijui. Ni neno dogo. Lakini alikuwa amesimama mlangoni na wanawake wawili nyuma yake, wote wakinitazama, na mimi nikitazamwa hushindwa hata kumeza mate.

"Redio ni redio, mama," nikasema. "Ifukize kama za zamani."

Ijumaa ya pili yake, asubuhi, alirudi. Alhamisi iliyopita aliiweka juu ya chetezo, ikaishi. Jana ameiweka tena, akaongeza makaa kidogo kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha. Leo haisemi.

"Niachie, mama. Mpaka alasiri itakuwa tayari."

Nilipoifungua niliona nta. Zile waya nyembamba zilizozungushwa kwenye kijiti cheusi cha kunasia mawimbi hushikwa na nta, na ile nta ilikuwa imeyeyuka ikatiririka mpaka chini. Hapo nikaitoa karatasi nikaisoma. Mstari wa tatu ulisema redio isiwekwe karibu na moto wala juani. Transista za siku zile zilikuwa dhaifu, joto la kukaushia nguo tu liliziua. Nikazipima na mita ya Fundi Bakari moja moja. Kati ya sita, tatu zilikuwa zimekufa. Wala hazikuonyesha alama yoyote. Zimekaa palepale, nadhifu, kama watu wanaojifanya wamelala.

Sikuwa na transista hata moja, na sikujua zinakouzwa.

Bi Mwanatumu alikuja alasiri. Dukani mlikuwa na redio tisa, hata moja haisemi, nyingine hazina mawe na nyingine zangoja valvu. Alizitazama akasema, "Duka lako limekuwa kama kinyozi mwenye wateja wa vipara." Alicheka. Mimi nikamwambia kipuri kinakuja, Ijumaa ijayo ataipata. Akaketi kwenye benchi mpaka muda wa kipindi ukapita, mkono juu ya mkono, kama mtu aliyekuja hospitali. Halafu akaaga.

Daftari la siku ile lina mstari mmoja: "Sikumwambia."

Wiki ile yote nilipita mbali na nyumba yake. Kama ningesema kweli, yeye angekwenda kwa watu wenye redio, walikuwako, angeketi barazani kwao asikilize. Lakini mimi nilikuwa nimemwahidi, naye aliniamini, basi Ijumaa ya pili alikuja tena akaketi kwenye benchi lile lile. Nilikuwa nimebadilisha nafasi za transista zilizobaki kama mtu anayecheza bao, nikidhani labda tatu zitafanya kazi ya sita. Hazikufanya. Kipindi kikapita. "Labda haikusomwa leo," akasema yeye, akinifariji mimi.

Jumamosi asubuhi alikuja mpwa wake, Kombo, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Ramisi, kwenye matangi ya kuchemshia maji ya miwa. Alimkuta Bi Mwanatumu dukani kwangu, amekuja kuniletea mihogo ya kuchoma. Fikirini, ananiletea na mihogo.

"Shangazi, hongera," akasema Kombo. "Jana salamu zako tumezisikia kilabuni kwetu kiwandani. Kilabu kizima. Watu wamenipongeza mimi."

Bi Mwanatumu aliweka sahani chini polepole. "Amesema nini?"

"Amekusalimu."

"Na baada ya kunisalimu?"

Kombo akakuna shingo. "Alisema mambo. Jibu la kitu fulani. Pale ndipo king'ora cha kiwanda kilipolia, saa ya kubadilishana zamu, nasi sote tukainuka. Lakini alisema vizuri, shangazi. Sauti ya mtangazaji ilikuwa nzuri."

Bi Mwanatumu hakunitazama. Hilo ndilo lililonivunja, maana angenitazama ningepata pa kuangalia. Alichukua kanga yake akatoka, na sahani akaiacha.

Nyinyi mkikosa neno leo, mnalirudisha nyuma mkalisikia tena. Wakati ule neno likishapita hewani limepita. Lakini nilikaa nikafikiri: hewani limepita, masikioni je? Kilabu kilikuwa na watu. Kila mmoja huenda aliondoka na kipande.

Jumapili niliazima baiskeli nikaenda Ramisi na daftari langu. Sikuwa nimewahi kumwendea mtu nisiyemjua nikaanza mimi mazungumzo. Nilizunguka mti wa nje ya kilabu mara tatu. Mara ya nne mkata miwa mmoja wa bara, anaitwa Ochieng', mguu wake umefungwa kitambaa, akaniita.

"Wewe unatafuta choo ama unatafuta mutu?"

Wenzake wakacheka. Nikasema natafuta watu waliosikia salamu Ijumaa. Za baharia wa Msambweni.

"Ile ya baharia? Mimi nilisikia. Alisema muguu yake imepona. Mimi nilishika hiyo kwa sababu yangu hii bado." Akainua mguu wake nione. "Nikasema, huyu muungwana alipata dawa wapi?"

"Alisema nini kingine?"

"Mimi nilisikia muguu tu. Mutu na shida yake."

Nikaandika. Mwengine akasema alisikia "Msambweni" na hakusikia zaidi, alikuwa anacheza karata. Kombo akanikumbushia kwamba salamu zilianza kwa jina la Hamisi bin Kassimu, baharia. Na kwenye lango la kiwanda palikuwa na mwanamke auzaye mahamri, Mama Riziki, aliyekuwa akisikiliza kupitia dirisha la kilabu huku akihudumia.

"Nilicheka peke yangu," akaniambia. "Mtu yuko baharini huko, hajui atafika lini, anaagizia mlango. Eti mama, mlango wa uani usiutengeneze. Nikasema, ewe, hata wewe na mlango?"

"Halafu?"

"Halafu akasema, 'na lile uliloniuliza kwa barua, jibu langu ni.' Tena aliposema 'ni', kikalia." Akanyosha kidole juu kwenye bomba la king'ora. "Kikalia mpaka wakaanza salamu za mtu mwengine. Nenda kaulize Ramisi yote. Hapo sote tulikuwa viziwi."

Niliuliza mpaka jua likawa la kurudi. Kila mtu alikuwa na kipande chake, na vipande vyote vilikatika mahali pamoja.

Njiani nilisimama nikayaandika yote kwa mpango, kwa hati nzuri. Pale palipokosekana niliweka nukta. Nimezihesabu leo: kumi na moja.

Nilipiga hodi kwa Bi Mwanatumu kesho yake. Mlango wa uani niliuona basi, ulikuwa umeegemezwa, umefungwa kwa kamba ya usumba, bawaba zimeliwa na chumvi. Akanikaribisha barazani. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri na yote yakanitoka.

"Mama, kabla sijakusomea, nina neno. Redio ile niliiua mimi. Uliponiuliza kama inafukizwa sikuwa najua, nikasema ndiyo. Kipuri hakiko njiani. Sikuagiza, kwa kuwa sijui pa kuagiza."

Alikuwa anasuka ukili. Hakuacha.

"Kwamba ni moto nilijua," akasema. "Nta ilidondoka kwenye mkeka wangu. Nilikuwa nangoja useme. Lililonipita ni kwamba hujui kuitengeneza. Hilo hukuniambia, Nassoro. Ningekwenda kwa watu."

"Ndiyo, mama."

"Soma."

Nikasoma. "Hamisi bin Kassimu, baharia, anamsalimu mama yake, Bi Mwanatumu wa Msambweni. Mama, mguu wangu umepona. Mlango wa uani usiutengeneze. Na lile uliloniuliza kwa barua, jibu langu ni." Nikanyamaza.

"Ni?"

"King'ora, mama. Hapana aliyesikia."

Ukili ukasimama. "Kililia mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Nikamwambia nitamwandikia Hamisi mimi mwenyewe, nikiri, nimwombe arudie. Akakataa. "Umwambie zawadi yake imeungua hata mwezi haujaisha? Yuko peke yake huko. Mwache aone nimemsikia." Akaitazama ile kamba ya mlango kitambo. "Soma tena," akasema.

Transista nilizipata baadaye. Nilimwandikia muuza redio mmoja wa Mombasa kwa Kiingereza changu cha Fomu ya Pili, nikikiri tangu mstari wa kwanza kwamba sijui ninachofanya na naomba kufunzwa. Alinijibu kurasa mbili. Huo ndio mlango ulionifungukia, vijana wangu. Miaka yote niliyofanya kazi hii baadaye ilitoka katika barua ile moja ya kusema sijui. Alinifunza hivi, na nyinyi mnaounganisha kwa mkono bado litawafaa: kabla hujagusisha chuma cha moto kwenye mguu wa transista, ushike mguu ule kwa koleo, katikati ya moto na mwili wake, ili joto likimbilie kwenye koleo. Hesabu mpaka tatu, uondoe. Nilijizoeza kwenye misumari na vipande vya waya wiki nzima kabla ya kuthubutu. Redio ya Bi Mwanatumu ikaimba. Sikuona kitu kikiwaka ndani. Niliweka kidole kwenye spika nikaisikia ikitetemeka, nikasema kimoyomoyo, Fundi Bakari, hivi ndivyo unavyojua.

Bi Mwanatumu hakuifukiza tena redio. Alifukiza kitambaa chake cha kuifunikia, peke yake, kikipoa ndipo akaifunika. Harufu ile ile, bila moto. Nikawafunza na wateja wengine.

Akaniambia niwe nakuja Ijumaa, redio isije ikazima kipindi kikianza. Haikuzima hata mara moja, na sote wawili tulijua haitazima. Nilikuja. Tulisikiliza salamu za watu, wa Lamu kwa wa Tanga, wa Kilindini kwa wa Mtongwe, nazo za Hamisi hazikurudi. Kipindi kikiisha alikuwa akisema, "Haya, soma yetu." Nikasoma ukurasa ule. Nikifika kwenye nukta nilinyamaza, naye aliinamisha kichwa upande kama mtu anayesikia, kisha akasema, "Endelea." Palikuwa hapana pa kuendelea. Nilifunga daftari, akanitilia chai.

Barua moja ya Hamisi ilifika katikati ya Ijumaa hizo. Aliandika mistari minne, na mmoja ulisema: "kama nilivyokwisha kukujibu redioni." Hakulirudia. Nilimsomea mimi. Nilimwambia, mama, niruhusu basi nitie bawaba mlango ule angalau, nina bisibisi, ni kazi ya nusu saa.

"Wacha," akasema. "Huo una mwenyewe."

Nitawaambia jambo la aibu, kwa kuwa nimeahidi kutojipamba. Kwa mwaka ule na kipande cha mwingine, ile Ijumaa ndiyo ilikuwa wiki yangu. Siku sita nilikuwa naziruka ili niifikie. Kosa langu lilikuwa limempatia mtu jeraha, na mimi nilikuwa nimepata pa kwenda.

Mkiharibu kitu cha mtu, semeni siku ile ile. Sina wosia mwengine wa maana. Hizo sakiti mtajifunza kwa wenyewe wanaozijua kuliko mimi.

Ijumaa moja nilikuwa naja na daftari kwapani, nikasikia nyundo kabla sijaiona nyumba. Mwanamume mrefu, suruali imekunjwa, mguu mmoja ameuegemeza kidogo, alikuwa anapigilia bawaba mpya kwenye mlango wa uani. Kamba ya usumba ilikuwa chini mchangani. Ndani nilimsikia Bi Mwanatumu akimwambia mtu alete maji, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, sauti ya kugombeza kwa raha.

Yule mtu akaniona. "Wewe ndiye fundi wa redio?"

"Ndiye."

"Mama amenieleza mengi juu yako. Karibu, ingia."

"Nina kazi dukani," nikasema. Kazi sikuwa nayo.

Nilirudi nikafungua dirisha. Palikuwa na redio ya mteja imekwisha kupona, nikaiwasha, nikasikiliza salamu za watu kwa watu mpaka zikaisha. Kisha nikafungua ule ukurasa. Jibu sasa nilikuwa nalijua, kila aliyepita njia ile alilisikia kwa nyundo. Nikachukua kalamu nizijaze zile nukta. Nikaona si zangu kuzijaza.

Chini yake nikaandika tu: "Ijumaa. Leo sikusoma."